Kabla ya kutoa pesa, uliza kinyonga huyo kwao ni wapi

Bwana Mhariri,

Kwenye ukurasa wenu wa matangazo madogo kumeingia bidhaa mpya. Kati ya kiwanja cha Panzi na gari la mitumba mtu anasoma: "Kinyonga wa Madagaska, dume, rangi kali, bei tutaelewana." Chini yake kuna picha moja na namba ya simu, basi. Wanaopiga simu kutoka Ibanda, Goma na hata Uvira wanauliza bei, wanauliza anakula nini, wanauliza kama anang'ata. Hakuna anayeuliza lile ambalo hapa Kivu tunamuuliza kila mgeni akishapewa kiti: kwenu ni wapi?

Kwa kinyonga swali hilo ni zito kuliko kwa kasuku au sungura. Madagaska ni kisiwa kikubwa kuliko Ufaransa. Mtu akikuambia mnyama katoka Madagaska, amekuambia sawasawa na yule anayesema "mimi ni wa Kongo" na kunyamaza. Wa Matadi au wa Idjwi? Wa joto au wa baridi?

Anayetajwa katika matangazo hayo karibu kila mara ni kinyonga chui, ambaye jina lake la kitaalamu ni Furcifer pardalis. Kwao ni nyanda za chini za kaskazini na mashariki ya Madagaska pamoja na visiwa vya karibu. Dume wa mji mmoja na dume wa mji jirani ukiwaweka pamoja utadhani ni wanyama wawili tofauti. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, akiwemo Michel Milinkovitch, walichapisha kazi waliyofanya kwa kupima damu na kupiga picha vinyonga chui 324 kutoka sehemu mbalimbali. Waliona kwamba rangi inaendana na ukoo, na kwamba makundi ya mahali mbalimbali yametengana kiasi cha kupendekeza kuwa yule tunayemwita spishi moja ahesabiwe kuwa spishi 11. Kwa hiyo jina la mji nyuma ya kinyonga lina maana hata nje ya biashara. Tatizo ni kwamba biashara inalitumia jina hilo ovyo.

Tuanze na Ambilobe, mji wa bara kaskazini mwa kisiwa, kwa kuwa jina hilo ndilo linaloibwa zaidi. Dume wa Ambilobe ana mwili wa kijani, wa manjano au unaoelekea wekundu, na milia ya wima iliyokolea, ya buluu au myekundu, wakati mwingine vyote viwili. Ndugu wa mayai ya uzazi mmoja wanaweza kutofautiana: huyu kakua na milia ya buluu, yule kakua na milia myekundu. Sasa, kwa kuwa Ambilobe wanabadilika sana, kila kinyonga chui asiyejulikana baba yake anapachikwa jina hilo. Ukisikia "Ambilobe" na hakuna ushahidi mwingine, jua umesikia kidogo sana.

Wa kisiwa cha Nosy Be ni rahisi kidogo. Dume ni wa rangi karibu moja, kijani hadi feruzi, na milia yake ni ya rangi ile ile iliyokolea kidogo tu, huku midomo ikiwa na manjano. Mwuzaji akisema Nosy Be na mnyama ana milia mipana myekundu, kuna damu nyingine mle. Ng'ambo ya maji, bara, uko mji wa Ambanja. Dume wa huko hukaribiana na wa Nosy Be kwa ukijani, lakini milia yake ni ya buluu inayoelekea zambarau, na kuzunguka macho ana mishale ya wekundu kama miale ya jua, pamoja na vidoadoa vyekundu mwilini. Watu wengi huwachanganya hao wawili wakiwa wametulia. Tazama macho kabla ya mwili.

Ukishuka kusini ya Ambanja unafika Ankaramy, ambako dume akichemka, yaani akipandwa na hasira, anageuka wa waridi mwili mzima. Pwani ya kaskazini-mashariki, Sambava, nchi ya vanila: dume ni wa kijani aliyetulia, akikasirika anaingia manjano na chungwa huku milia ikibaki ya hudhurungi. Toamasina, ambao wengi bado wanauita Tamatave, uko pwani ya mashariki, na dume wake ni wa wekundu mzito uliochanganyika na weupe. Wako pia kwenye kisiwa cha Réunion, walikopelekwa na binadamu. Yako majina mengine mengi, lakini mnunuzi akiyashika haya atakuwa mbele ya wauzaji wengi.

Ule mstari mweupe wa ulalo ubavuni usikudanganye. Vinyonga chui wengi wanao, wa kila upande. Tumeona ukitajwa kama "alama ya Tamatave halisi". Hakuna kitu kama hicho.

Yote tuliyosema hapo juu yanahusu dume aliyekomaa. Jike ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo pesa nyingi zinapotea. Majike wa miji yote hiyo wanafanana: kijivu, hudhurungi, waridi iliyofifia. Wakiwa na mimba wanakuwa weusi wenye madoa ya chungwa, na weusi huo ni wa majike wote. Hakuna mtaalamu anayeweza kumtazama jike tu na kusema kwa uhakika "huyu ni wa Ambanja". Anayekuambia anaweza, mwulize jina la baba wa jike huyo na picha yake. Asipokuwa nayo, jike huyo hana kwao, na bei yake iwe ya mnyama asiye na kwao.

Watoto ni vivyo hivyo. Kinyonga chui huuzwa akiwa na miezi miwili au mitatu, ambapo wote ni wa rangi ya kijivu na hudhurungi. Dume huanza kuonyesha rangi yake karibu na miezi mitano au sita, na huikamilisha kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Ukinunua mtoto unanunua wazazi wake. Kwa hiyo usitazame picha ya mtoto hata kidogo, dai picha ya baba, picha ya baba wa mama, na tarehe ya kuanguliwa.

Mchanganyiko nao una ujanja wake. Dume wa Ambilobe akipandishwa kwa jike wa Nosy Be, baadhi ya watoto watafanana na baba yao hadi huwezi kutofautisha. Mtu akimnunua dume huyo kwa jina la Ambilobe, akampandisha kwa jike wa Ambilobe wa kweli, wajukuu ndio wataanza kutoka na rangi zisizo na jina. Wakati huo mwuzaji wa kwanza amekwisha badilisha namba ya simu. Mchanganyiko si mgonjwa, na anaweza kuwa mzuri kupindukia. Anayetaka kinyonga mmoja wa sebuleni hana sababu ya kumkataa, mradi alipe bei ya mchanganyiko na asimwingize katika uzazi kwa jina la mji.

Kuhusu picha, kwanza tuseme kwa nini rangi ya kinyonga inadanganya. Watafiti wale wa Geneva walionyesha mwaka huo huo kwamba chini ya ngozi ya kinyonga chui kuna seli zenye fuwele ndogo sana za guanini. Mnyama akitulia, fuwele hukaribiana na kurudisha mwanga wa buluu, ambao ukipita kwenye rangi ya manjano ya ngozi unaonekana kijani. Akichemka, fuwele huachana na mwanga unaorudi unaelekea manjano na wekundu. Kwa hiyo kinyonga yule yule, asubuhi na baada ya kumwona dume mwenzake, ni kama wanyama wawili. Mwuzaji mjanja anapiga picha dakika ile mnyama amewaka, kisha anaikoleza kwenye simu.

Ndiyo maana picha moja haitoshi. Dai picha tatu na video moja. Ya kwanza mnyama akiwa ametulia asubuhi, kwenye kivuli, kwa mwanga wa nje, bila taa ya simu. Ya pili akiwa amewaka baada ya kuonyeshwa kioo, na kioo kiondolewe ndani ya dakika moja, maana kumwacha apigane na kivuli chake ni kumtesa. Ya tatu ni ya kichwa kwa ubavu, karibu, ili uone macho, midomo na kofia ya mfupa. Katika kila picha kuwe na karatasi nyeupe pembeni ya mnyama. Karatasi ikionekana ya manjano au ya buluu, picha hiyo imeguswa au mwanga wake ni mbaya, na rangi ya mnyama usiiamini. Video iwe ya dakika moja bila kukatwa, mnyama akitembea kwenye tawi. Hapo utaona pia kama miguu imenyooka, kama anashika kwa nguvu, na kama macho hayajadidimia. Macho yaliyozama ni kiu ya siku nyingi. Miguu iliyopinda na taya laini ni upungufu wa kalsiamu na mwanga wa UVB (miale ya jua isiyoonekana kwa macho), na mifupa ya namna hiyo hairudi ilivyokuwa.

Unapolinganisha, shika mpangilio kabla ya rangi. Milia iko wapi, ni mipana au myembamba, inaanzia mgongoni inafika tumboni au inakatika? Rangi zinakuja na kuondoka ndani ya dakika chache, lakini ramani ya milia haihami.

Makaratasi sasa. Vinyonga wote wa biashara hii wako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao nchi yetu imo tangu mwaka 1976, na huku kwetu mamlaka yake ni ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi mazingira ya asili. Mnyama aliyevuka mpaka kihalali ana kibali. Soma vitu vitatu juu yake. Jina la kitaalamu. Nchi ya asili, ambayo inaweza kuwa tofauti na nchi aliyotumwa kutoka. Kisha herufi ya chanzo: W ni aliyekamatwa porini, C ni aliyezaliwa kizuizini na wazazi wa kizuizini katika ufugaji ulioimarika, F ni aliyezaliwa kizuizini lakini hajafikia masharti ya C, R ni aliyechukuliwa porini akiwa yai au mtoto na kukuzwa. Herufi hiyo moja inakuambia mengi kuliko hotuba ya mwuzaji. Mnyama wa W anakuja na minyoo na kiu ya safari. Anahitaji kupimwa kinyesi na daktari wa mifugo na kukaa peke yake siku 60 hadi 90 kabla ya kukaribishwa na wengine.

Lakini angalia: kibali cha CITES hakitaji mji. Kitasema Furcifer pardalis, Madagaska, W, na kunyamaza. Jina la Ambanja au Sambava ni neno la mkusanyaji tu, na wakusanyaji huwaweka wanyama wa miji mbalimbali pamoja kabla ya kuwapandisha ndege. Kwa aliyekamatwa porini, basi, mji unathibitishwa na rangi ya dume na si na karatasi. Kwa aliyezaliwa kizuizini ni daftari la mfugaji. Na mtu akikuletea kinyonga mwingine wa jenasi Furcifer au Calumma kutoka Madagaska akidai ukoo wake ulitoka porini miaka ya karibuni, uwe macho zaidi. Kuanzia mwaka 1995 uagizaji wa jenasi hizo mbili kutoka kisiwa hicho ulisimamishwa, isipokuwa spishi nne: pardalis, lateralis, oustaleti na verrucosus. Miaka iliyofuata spishi kadhaa zilifunguliwa kwa idadi ndogo.

Njia ya kumpima anayejiita mfugaji ni moja, nayo haigharimu kitu. Mwulize mayai yalitagwa lini, yaliatamiwa katika nyuzi ngapi, yaliangua lini, na mangapi. Kinyonga chui hutaga kati ya mayai 10 na 40, na mayai hayo hukaa miezi 6 hadi 12 kabla ya kuangua. Anayejibu "miezi miwili" hajawahi kuzalisha, amenunua mahali na anauza. Mfugaji wa kweli atakujibu kabla hujamaliza swali, pengine atakuchosha.

Tuje kwa wenye pembe, kwa sababu hapa kosa linaua. Hapa Bukavu na kule Goma kinyonga yeyote mwenye pembe tatu anaitwa "wa Jackson". Trioceros jacksonii ni wa Kenya na Tanzania, na ana jamii ndogo tatu. Ya kwanza ni jacksonii mwenyewe, wa nyanda za juu za Kenya, ambaye hata jike anaweza kuwa na pembe tatu ndogo. Ya pili ni xantholophus wa Mlima Kenya, mkubwa kuliko wote, aliyepewa jina mwaka 1988, ambaye jike wake kwa kawaida hana pembe. Ya tatu ni merumontanus wa Mlima Meru, Tanzania, mdogo, ambaye jike ana pembe moja ya puani. Wale walioenea Hawaii baada ya kuachiwa mwaka 1972 ni xantholophus.

Mwenye pembe tatu wa milima yetu ni mwingine: Trioceros johnstoni, aliyeelezwa na mtaalamu Boulenger mwaka 1901 kutoka Ruwenzori, na anaishi upande wetu, Uganda, Rwanda na Burundi. Jike hana pembe. Kumtofautisha, pitisha macho mgongoni: wa Jackson ana meno ya msumeno yaliyopangana kuanzia shingoni, wa Johnston mgongo wake ni laini. Kisha jambo kubwa: wa Jackson anazaa watoto hai, wa Johnston anataga mayai.

Fikiria sasa mtu aliyenunua jike mwenye mimba kwa jina la Jackson. Ameambiwa atazaa, basi anamweka kwenye kizimba chenye matawi na sakafu ya karatasi. Jike anashuka chini, anakwaruza pembe za kizimba, anazunguka, anaacha kula. Mwenye nyumba anadhani ni ugonjwa. Kumbe jike anatafuta udongo wa kuchimba, hakuna, mayai yanabaki tumboni na jike anakufa nayo. Dawa ilikuwa ndoo ya lita 20 iliyojazwa sentimita 25 za mchanga uliooshwa na udongo, wenye unyevu wa kutosha kiasi kwamba ukiufinya mkononi unashikana bila kutiririsha maji, ili shimo lisibomoke. Kitu cha senti chache, kilichokosekana kwa sababu ya jina.

Joto nalo linafuata kwao. Kadiri ya haraka: kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa karibu nyuzi 6. Kinyonga chui ni wa nyanda za chini. Anataka sehemu ya kuotea ya nyuzi 29 hadi 32 na usiku usiopungua sana chini ya 18. Usiku wa Bukavu hushuka hadi karibu 15, kwa hiyo hapa anahitaji chumba kilichofungwa vizuri, na asubuhi ampule ya wati 40 hadi 60 kwa saa chache, juu ya kizimba, nje ya waya, asiweze kuigusa. Kizimba cha dume mkubwa kiwe na sentimita 60 kwa 60 kwa 120 za urefu, cha wavu. Kupasha chumba kwa mbabula ya makala ni hatari kwa mnyama na kwa wenye nyumba. Moshi wake hauonekani wote.

Wa milimani, iwe Jackson au Johnston, ni kinyume. Mahali pa kuotea pasizidi nyuzi 29, na usiku wanataka baridi ya 10 hadi 16 yenye unyevu. Kwa hao Bukavu ni nyumbani, ampule hawaihitaji karibu mwaka mzima ila ile ya UVB wakikaa ndani. Lakini mpeleke mmoja Uvira, mita 700 na zaidi chini yetu, ukipita Kamanyola na gari lililofungwa vioo mchana, na unaweza kufika na mzoga. Tumesikia watu wakilaumu maji ya Tanganyika. Maji hayana kosa. Kwa ndugu wa Lubumbashi mambo ni ya namna nyingine tena: mchana wa Oktoba unamchemsha wa mlimani, na usiku wa Juni na Julai unamgandisha wa pwani.

Wa Yemeni, Chamaeleo calyptratus, mwenye kofia ndefu ya kichwani, tumpite haraka. Ni mvumilivu, huzalishwa kwa wingi, na walio wengi sokoni ni wa jamii ndogo yenye kofia ndefu. Yule wa jina la calcarifer ana kofia fupi. Dume hujulikana tangu siku ya kuanguliwa kwa kijipembe cha nyama kwenye kisigino cha mguu wa nyuma. Huyo hana mambo mengi ya mji.

Limebaki la nyumbani. Wengi hapa bado wanamwogopa kinyonga na kumpiga mawe, na hilo ni la barua nyingine. Ila wako wanaowakusanya kwenye miti kuelekea Kahuzi, Itombwe na kisiwani Idjwi na kuwauza kwa wageni kama "kinyonga wa Kivu". Jina hilo halina maana. Mfano mmoja unatosha: yule mwembamba wa msituni asiye na pembe, Kinyongia adolfifriderici, alihesabiwa kuwa spishi moja tangu mwaka 1912. Mwaka 2017 wataalamu walimgawa, na kutoka kundi hilo akapatikana wa Itombwe peke yake, itombwensis, pamoja na wengine wa pande za Rwanda na Uganda. Chamaeleo dilepis, yule mkubwa wa bustanini mwenye masikio ya ngozi, ana umbo lililopewa jina la idjwiensis tangu mwaka 1942 kwa kisiwa chetu hicho hicho. Na yule mdogo wa kijani-hudhurungi kama jani kavu, wa jenasi Rhampholeon, anauzwa kama mtoto anayekua. Hakui. Amekwisha kukua, ukubwa wake ni wa kidole, na tangu Januari 2017 naye yumo kwenye Kiambatisho cha Pili.

Hao usiwanunue kabisa bila kibali. Hifadhi ya Kahuzi-Biega haikamatwi ndani yake mnyama, sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda viumbe hawa, na kumvusha mmoja mto Ruzizi mfukoni ni kosa pande zote mbili za daraja. Tena usije ukamhurumia wa Itombwe ukamwachia kwenye mti mtaani Muhumba hapa Bukavu, au wa Madagaska ukamwachia popote. Kilichotengana kwa milima kwa miaka mingi kinachanganywa na huruma ya jioni moja. Mnyama aliyekushinda mrudishie mfugaji au mkabidhi kwa ICCN.

Mambo ya bei hatutayagusa, maana yanategemea dola ya siku hiyo. Tunasema tu kwamba jina la mji linapandisha bei ya kinyonga chui, na kwamba mwuzaji hatakataa kulitaja mnunuzi akionekana kulipenda. Kwa hiyo usimwulize "huyu ni Ambilobe?" Atasema ndiyo. Mwulize "huyu ni wa wapi, na umejuaje?", kisha unyamaze.

Ombi letu kwenu, Bwana Mhariri, ni dogo. Mnapopokea tangazo la kinyonga, mdai mstari mmoja zaidi, kwa mfano huu: "Furcifer pardalis, baba na mama wote wa Ambanja, C, aliangua Machi, picha za wazazi zipo." Hauzidi nafasi mnayompa mwenye gari akitaja mwaka na kilomita. Mwuzaji asiyeweza kuujaza, aandike "asili haijulikani", na bei ishuke hapo hapo.

Wafugaji wa vinyonga,
Ibanda, Bukavu